Zawadi ya Biblioteke na Macho ya Papa Sumaili

Kasongo, Jumapili mchana

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Mwajuma,

Nakuandikia nikiwa mzima, na watoto pia wazima. Yusufu tu ndiye alishikwa na malaria, akalala siku kadhaa, sasa amepona na anakula kuliko kabla hajaugua. Vipi wewe na mgongo wako baada ya palizi ya karanga? Vipi Mama? Huko Wamaza mvua imewaachia mpunga au imeulaza wote? Shemeji yako bado yuko Salamabila. Hutuma salamu kwa watu wanaopita, na wote husema ni mzima, nami naridhika na hilo.

Motari Saleh aliponiletea mchele wako kwa pikipiki yake aliniambia kwamba habari yangu imefika nyumbani ikiwa imepinda. Wengine wamesikia kwamba wakubwa wa chuo wamenipa zawadi, wengine kwamba nilishitakiwa na kidogo nifukuzwe. Akaniuliza ipi ni ya kweli. Nikamwambia zote mbili zina ukweli ndani yake. Kwa simu nisingeweza kukueleza, maana ninyi mpaka mpande kilima ndipo mpate mtandao, na kabla salamu hazijaisha unakatika. Leo watoto wamekwenda kufua mtoni, nyumba imetulia, basi nimekaa niandike yote jinsi yalivyokuwa.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu. Biblioteke ya chuo kikuu chetu ni nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba viwili na ofisi ndogo pembeni. Cha mbele ndimo wanafunzi wanasomea. Cha nyuma ndimo tunaweka vitabu, na chini ya dirisha iko meza ya kushonea vitabu vilivyochanika. Tuko wafanyakazi wanne. Shefu, yaani mkuu wetu, ni Papa Kalonda, mtu wa maneno machache, anayevaa koti hata jua likiwaka. Mimi navipa vitabu namba na kuvipanga kwenye etajeri, rafu kwa rafu. Mama Feza anakaa mlangoni, anapokea mifuko ya wanafunzi, anafagia, anafunga. Wa nne ni Papa Sumaili. Yeye alikuwa akikaa mezani mbele, anapokea wanafunzi na kuwatolea vitabu, na vilivyochanika anavishona. Ni mtu wa Nyangwe, mtoto wa wavuvi, alikua akishona nyavu pamoja na baba yake. Amekuwa hapo kabla yetu sote.

Mwaka jana, wakati wa mvua za kwanza, mambo ya Papa Sumaili yalianza kwenda ovyo. Mwanafunzi aliomba kitabu cha udongo, akapewa cha sheria. Mwingine alirudisha kitabu, Papa akakipanga kichwa chini. Siku moja alimwaga gundi pembeni ya chupa, ikatiririka mpaka kwenye magoti yake, naye akaendelea kumwaga. Papa Kalonda alidhani anakunywa pombe ya lutuku kabla ya kuja kazini. Alimsogelea mara mbili tatu ili amnuse, hakupata kitu.

Mama Feza ndiye aliyetambua. Alimwona akienda chumba cha nyuma huku vidole vyake vikigusa ukuta, kama mtu anayetembea gizani, na ilikuwa mchana. Kesho yake, wanafunzi walipokwenda kula na sisi tulipofunga mlango, aliweka sahani yake ya sombe chini, akauliza:

“Papa Sumaili, macho yako iko inaona?”

Papa Sumaili aliendelea kutafuna. Kisha akasema, “Inaona mwangaza. Mutu nikimuangalia, namuona kama nguo yenye wameanika.”

“Tangu lini?”

“Ilianza zamani. Ilikuwa inakuja polepole, nikafikiri itarudi vile ilikuja.”

Hakuna aliyekula tena. Yaya, unajua hali ya kazi hapa. Mtu akiambiwa apumzike anapumzika kweli, maana malipo ya wazee hayafiki, au yanafika yeye ameshazikwa. Papa Sumaili ana mke mgonjwa wa miguu na wajukuu alioachiwa na binti yake. Sote tulilifikiria hilo, na sote tukamtazama Papa Kalonda, maana yeye ndiye aliyepaswa kuwajulisha wakubwa.

Papa Kalonda alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja. “Mimi ninasimamia vitabu,” akasema. “Vitabu vikipotea, nitasema. Vikitolewa vizuri na vikirudi vizuri, sina kitu cha kusema.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hatukuapishana wala kuitana ndugu. Tuligawana kazi tu. Mama Feza alihamisha kiti chake kutoka mlangoni, akakiweka karibu na meza ya mbele. Akipokea mfuko wa mwanafunzi anamuuliza jina na kitabu anachotaka, analisema kwa sauti, nami niliye nyuma nasikia, nakitoa kabla mwanafunzi hajakaa. Papa Sumaili tulimwachia kushona. Hapo macho hayakumsumbua sana, kwa sababu vidole vyake vilijua uzi unapita wapi. Kilichomshinda ni kutia uzi kwenye sindano. Basi kila asubuhi Papa Kalonda, na koti lake, alikaa mbele ya dirisha akatia uzi kwenye sindano za siku nzima, akazichoma katika kipande cha sabuni, akakiweka upande wa kulia wa meza ya Papa Sumaili. Halafu akaenda ofisini kwake.

Nikueleze jambo ambalo hata sisi hatukulitegemea. Kazi ilianza kwenda mbele kuliko zamani. Zamani kila mmoja alikuwa na kona yake. Kitabu kikichanika kilikaa miezi kwenye boksi, kwa sababu Papa Sumaili alikuwa na wanafunzi mbele yake tangu asubuhi. Mwanafunzi alisimama kwenye foleni mpaka anakata tamaa. Mimi nilipanga vitabu bila kujua ni vipi vinavyoombwa sana. Sasa nilisikia kila jina la kitabu likitajwa, nikaanza kuvisogeza vile vya kuombwa karibu na mlango. Boksi la vitabu vibovu liliisha. Wanafunzi wakaanza kusema biblioteke imepata watu wapya, na watu walikuwa walewale.

Maneno hayo ya wanafunzi yakafika juu. Katibu mpya wa chuo, mama mmoja aliyekuja kutoka Kindu, tunamwita Madamu Katibu, alitangaza kwamba zawadi ya mwaka huu wataipa idara moja ambayo watu wake wanasaidiana kazini. Atatembelea idara zote mwenyewe, akimwona kila mfanyakazi peke yake. Papa Kalonda alitusomea tangazo hilo, akalibandika mlangoni, akarudi ofisini. Mama Feza alisema, “Kama wangetuacha tu.”

Madamu Katibu alikuja asubuhi moja bila kutuambia. Ni mtu mwembamba, miwani kwenye kamba shingoni, hacheki ovyo lakini hana dharau. Alinisalimu, akauliza kazi yangu, nikaonyesha. Alimuuliza Mama Feza, naye akaonyesha. Kisha akaenda mpaka meza ya dirishani, akachukua kitabu kimoja kilichokuwa kinasubiri kukauka, akampa Papa Sumaili.

Papa alikipapasa mgongo. “Hiki nimekishona juzi, Mama.”

“Kimeshonwa vizuri. Ni kitabu gani?”

Papa Sumaili alikigeuza. Mama Feza alianza, “Ni kile cha...”

“Sikukuuliza wewe, Mama,” Madamu akasema, bila ukali. “Papa, nisomee jina lake.”

Papa Sumaili alikiweka kitabu mezani, akakinyoosha kilale sawa. “Siwezi kusoma, Mama. Macho yangu imekwisha.”

Madamu Katibu alitutazama mmoja mmoja. Aliuliza shefu yuko wapi, akaingia ofisini kwa Papa Kalonda, mlango ukafungwa. Tulisikia sauti yake na si maneno. Alipotoka alituaga kwa kichwa tu. Papa Kalonda alikuja nyuma yake, amesimama wima kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Tukamuuliza amesema nini. Akajibu, “Nimemwambia nilijua tangu siku ya kwanza. Kama kuna wa kufukuzwa, waanze na mimi.”

Baada ya hapo tulingoja. Siku hizo ndizo Saleh alipopita hapa akanikuta na hofu ya kufukuzwa, na nadhani ndizo alizokuja kuzisimulia huko. Nilifikiria masomo ya watoto. Nilifikiria kurudi Wamaza kulima nawe, nikaona haya, si kwa sababu ya kulima, ila kwa sababu baba yetu aliuza mbuzi wake wote ili mimi nisome. Papa Sumaili alikuja kazini kila siku kama kawaida, ameoga, shati limepigwa pasi.

Kisha mimi peke yangu nikaitwa ofisini kwa Madamu. Alinipa kiti. Alisema ameuliza wanafunzi, ameelewa kwamba mimi ninabeba kazi ya watu wawili, na kwamba zawadi ya mwaka haitakwenda kwa idara, itakuwa yangu. Papa Sumaili watampumzisha kwa heshima.

Nikamwambia, “Madamu, sibebi kazi ya watu wawili.”

“Wanafunzi wanasema vitabu unatoa wewe.”

“Natoa mimi. Lakini jina la kitabu linatoka kwa Mama Feza, na kitabu chenyewe kingekuwa ndani ya boksi kama Papa Sumaili hakukishona. Mukimutoa yeye, mwezi ujao mutakuja kuuliza kwa nini vitabu vimerudi kuchanika.”

“Mama Zabibu, naelewa huruma yako. Lakini chuo hakiwezi kuendeshwa kwa huruma.”

Hapo, Yaya, nikamjibu: “Basi njoo ukae kwetu siku moja. Siku nzima, tangu tunafungua mpaka tunafunga. Usituulize kitu. Ukimaliza, ufanye vile unaona.”

Akasema atakuja, hatasema lini.

Alikuja wiki ya kabla ya mitihani. Nadhani aliichagua makusudi, kwa sababu wiki hiyo wanafunzi wanajaa hata kwenye ngazi. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mtu hasikii. Alifika mapema kuliko wanafunzi, akachukua kiti akakaa kati ya vyumba viwili, mahali ambapo anaona mbele na nyuma. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona ni shefu wa biblioteke, mwenye koti, amekaa dirishani anatia uzi kwenye sindano. Papa Kalonda aliona kwamba Madamu anamtazama. Hakuacha. Alimaliza sindano ya mwisho, akaichoma kwenye sabuni, akaweka sabuni mahali pake, ndipo akamsalimu, “Habari ya asubuhi, Madamu.”

Siku ile ilikuwa ngumu. Kwa ajili ya mvua sauti ya Mama Feza haikunifikia, na ikabidi Papa Sumaili, aliyekuwa katikati yetu, awe anapokea jina kutoka kwake na kunirushia mimi. Ana sauti ya watu waliozoea kuitana toka ng'ambo moja ya mto hadi nyingine. Wanafunzi walicheka, halafu wakazoea. Mchana kamusi ya madawa, iliyo moja tu, ilitengana mikononi mwa msichana wa mwaka wa tatu, kurasa zikamwagika sakafuni kwenye matope ya viatu. Msichana akaanza kulia. Mama Feza aliacha kiti chake akaokota, mimi nikazipanga kwa namba, Papa Kalonda akatoka ofisini akazifuta moja moja kwa kitambaa chake cha mfukoni, na Papa Sumaili akashona. Hakuna aliyemwambia mwenziwe afanye nini. Kabla ya kufunga, msichana alikuwa anaisoma tena kamusi ile, ingawa gundi ilikuwa bado mbichi.

Madamu Katibu hakuinuka kwenye kiti ila wakati wa kula, na hapo alikula sombe ya Mama Feza. Tulipofunga alisema, “Asanteni,” akafungua mwavuli akaenda.

Uamuzi ulikuja baadaye. Papa Sumaili amebaki, lakini si mtu wa mapokezi tena. Sasa ameandikwa fundi wa vitabu. Posho ya meza ya mapokezi imekwenda kwa Mama Feza, ambaye alijaribu kuikataa, akaambiwa haikataliwi. Papa alipelekwa hospitali. Daktari alisema macho yaliyokwisha hayatarudi, ila kuna dawa ya matone ya kulinda kidogo kilichobaki. Na zawadi ya mwaka wakaipa biblioteke yote: cheti kimoja cha kutundika ukutani, na kitenge, pagne ya aina moja, kwa kila mfanyakazi.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Madamu Katibu, kama tulivyokubaliana naye sisi watatu, alieleza jinsi tunavyofanya kazi, akasema mmoja wetu amepoteza macho na wenzake hawakumwacha. Watu walipiga makofi sana. Akasoma majina yetu manne. Tulisimama watatu. Mtu wa kupiga picha alituambia tungoje wa nne. Tukangoja. Rekta mwenyewe, mkuu wa chuo, akauliza yuko wapi.

Papa Kalonda akajibu, “Yuko kazini.”

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Asubuhi ile Papa Sumaili alikuwa amechukua funguo kwa Mama Feza, akajifungia na vitabu vyake.

Siku mbili baadaye nilimpelekea pagne yake. Alikuwa dirishani, anashona. Niliiweka juu ya magoti yake, akaipapasa.

“Iko rangi gani?”

“Bluu. Iko na maua ya manjano.”

“Mama Ashura ataipenda.” Ndiye mke wake. Aliikunja, akaiweka pembeni. Kisha akasema, polepole, “Wajukuu wangu walitoka masomo wanalia jana. Wenzao waliwaambia, babu yenu ni kipofu, hata wakubwa wa chuo wamesema. Mimi nyumbani nilikuwa bado sijawaambia.”

Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye.

“Najua mulinisaidia,” akasema. “Bila ninyi ningekuwa nakaa Nyangwe, naangalia maji yenye siyaoni. Sina hasira na wewe, Mama Zabibu. Lakini mulikaa ninyi watatu na yule Madamu, mukapanga mambo ya macho yangu, na hakuna mutu aliniuliza, Papa, tuseme ao tusiseme? Siku ingine, muniulize.”

“Ndiyo, Papa.”

“Basi lete kazi.”

Nikamletea. Tangu siku ile tunaendelea kama zamani. Cheti kinaning'inia juu ya meza ya mbele. Mama Feza anakifuta vumbi, na wanafunzi hawakitazami. Sindano bado zinatiwa uzi asubuhi. Madamu Katibu hupita mara moja moja, anasimama, anaondoka. Papa Sumaili amewaeleza wajukuu wake mwenyewe, na mkubwa wao, binti, sasa humsomea habari jioni.

Kwa hiyo, Yaya, waambie wanaouliza kwamba sikufukuzwa, na kwamba zawadi si yangu peke yangu. Kurudi Wamaza sirudi sasa. Nitakuja likizo, barabara ikikauka.

Liko jambo moja zaidi, na ndilo hasa lililonifanya nisikawie kuandika. Saleh alinisimulia, bila kujua anasimulia nini, kwamba siku hizi Mama anachambua mchele amefumba macho, anasema vidole vinatosha, na kwamba yeye Saleh alipomsalimu, Mama alimwita kwa jina la kaka yake Saleh. Wewe hukuniandikia hilo. Labda hukutaka nihangaike, labda wewe na shangazi mmeshakaa mkapanga nani atamwongoza kisimani na nani atamfichia moto. Nakuomba mwache kupanga kwanza. Ngoja jioni mtakapokuwa wawili peke yenu, kaa karibu naye, umuulize: Mama, unaona nini, na unataka tufanye nini? Atakachosema uniandikie kilekile, hata kama ni kukataa.

Nisalimie Mama kwa mikono yote miwili. Nisalimie shangazi Tabu, na mume wako, na jirani yetu mwalimu wa madrasa, na yule mama wa kanisani anayewapa ninyi mbegu za mahindi. Waambie watoto wako kwamba Yusufu anawauliza. Nimempa Saleh chumvi, sabuni, na ile pagne yangu ya bluu yenye maua ya manjano. Hiyo ni ya Mama. Usimwambie rangi kabla hajauliza.

Mimi mdogo wako, ninayekukumbuka kila ninapopika mchele wako,

Zabibu